Boti mbili, warithi watano: mwongozo kamili wa kupatanisha familia inayogombania biashara

Familia nyingi za Lamu zenye biashara zimeshawahi kupatanishwa. Mzee wa mtaa ameitwa, kahawa imemiminwa, kila mmoja ameambiwa amtazame marehemu babake, mikono imepeanwa na Fatiha imesomwa. Msimu wa pepo za kaskazi unapoingia, wageni wakijaa na pesa zikianza kuonekana, ugomvi uleule unarudi, na safari hii ni mkali zaidi kwa kuwa sasa yuko aliyevunja neno mbele ya mzee.

Sina neno baya juu ya Fatiha wala juu ya mzee. Kasoro iko kwenye mpangilio: nyoyo zinapatanishwa kabla hesabu hazijajulikana. Mtu anasamehe haki ambayo hajui ni kiasi gani, na siku anapokuja kujua, msamaha unamgeukia kuwa uchungu. Mwongozo huu unatanguliza madai na hesabu, unafuata na mazungumzo ya pamoja, kisha maandishi, na mwisho kocha wa kukaa na familia mpaka izoee kufanya kazi kwa utaratibu mpya.

Nitatumia familia ya kubuni. Baba amefariki miaka mitatu iliyopita, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti wawili. Mali ni duka la vifaa vya uvuvi mtaani Langoni na boti mbili zinazovusha abiria kati ya mji, Shela na uwanja wa ndege wa Manda. Mwana mkubwa ndiye anayeendesha kila kitu. Wa pili ameajiriwa Mombasa. Binti mkubwa ameolewa Malindi. Mdogo yuko nyumbani, na ndiye anayeandika daftari la duka, ingawa hakuna anayemtaja biashara inapozungumzwa.

Hatua ya kwanza: tenganisha madai

Sentensi inayosikika zaidi katika ugomvi huu ni "kaka amekula mali ya baba." Ndani yake mna madai manne, na kila moja lina dawa yake.

Kuna dai la urithi: nani ana fungu gani katika kilichoachwa na marehemu. Kuna dai la ujira: aliyefanya kazi miaka mitatu alipwe nini. Kuna dai la uendeshaji: nani anaamua kununua mashine, kukopesha wavuvi, kuajiri nahodha. Na kuna dai la heshima, ambalo halina bei: mama hakuulizwa boti ilipouzwa, mdogo aliitwa mwizi mbele ya wafanyakazi, binti hualikwa kwenye maziko tu.

Chukua karatasi nne, moja kwa kila dai. Kila lalamiko utakalolisikia liandike kwenye karatasi yake. Lalamiko likiwa halina karatasi, uliza zaidi kabla ya kuliandika. Kazi hii inaonekana ya kitoto, lakini mara nyingi hapa ndipo mwana mkubwa anapogundua kwamba ndugu zake hawapingi yeye kulipwa. Wanachopinga ni yeye kujilipa kimyakimya.

Kisha rudi nyuma, wakati baba yu hai. Mwana alikuwa nani katika biashara ile? Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, inatofautisha mambo haya vizuri. Kama aliweka mtaji wake pamoja na wa baba, huo ni ushirika, yaani musharaka. Kama mtaji ulikuwa wa baba na kazi ikawa ya mwana, wakaafikiana kugawana faida kwa kiwango maalumu, hiyo ni mudaraba, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji mradi mfanyaji hakufanya uzembe wala hiana. Kama alikubaliwa mshahara, ni mwajiriwa. Kama alipewa boti moja iwe yake na akakabidhiwa baba akiwa mzima, hiyo ni hiba, na haimo katika mirathi. Wazee wetu wengi hawakutamka lolote kati ya haya. Walisema "njoo unisaidie," na baada ya kufa kwao kila mrithi hulisoma neno hilo kwa manufaa yake. Kazi yako si kuamua alikusudia nini. Waulize wote walichokiona na walichokisikia, pamoja na nahodha wa zamani na jirani wa duka, kisha uandike.

Hatua ya pili: mtafute mpatanishi, na mjue kazi yake

Mpatanishi hahukumu. Hili ndilo gumu kwetu, kwa kuwa mtu mzima akiitwa barazani huitwa atoe kauli. Akishaitoa, upande mmoja umeshinda, mwingine umenyamaza kwa adabu, na ukimya huo watu huuita suluhu. Mpatanishi mzuri huuliza, husikiliza, hurudia alichokisikia, na huwaacha wenyewe watengeneze makubaliano watakayoyabeba.

Asiwe anayeidai biashara au anayedaiwa nayo. Asiwe mkwe. Asiwe ami aliyewahi kugombana na marehemu juu ya shamba. Asiwe kadhi ambaye kesho anaweza kuletewa kesi hiyohiyo mezani. Mwalimu mstaafu, nesi wa zamani, mtu aliyewahi kuendesha chama cha akiba kwa uaminifu, au mpatanishi aliyesomea kazi hiyo, wote wanafaa. Napendelea wawili, mwanamume na mwanamke, kwa sababu yako mambo ambayo mama hatamwambia mwanamume asiyemjua. Sura ya An-Nisaa, aya ya 35, inataja wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kila upande. Inahusu mume na mke, lakini utaratibu wake unaeleweka na familia hazishangai ukiupendekeza.

Tatizo ni kwamba wengi watakataa. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime" ni mafunzo tuliyopewa utotoni, na aliyewahi kuingilia anajua sababu yake. Mpe mpatanishi kinga: karatasi ya ukurasa mmoja, iliyotiwa saini na warithi wote, isemayo kwamba hatatoa hukumu, hataitwa kuwa shahidi, atakayoyasikia faraghani hatayapeleka upande wa pili bila idhini, na yeyote anaweza kujitoa. Kama kuna ada, ilipwe na wote au itoke kwenye biashara kwa idhini ya wote. Ikilipwa na mwana mkubwa peke yake, kazi imeharibika kabla haijaanza.

Wakati nao una uzito. Usianze Desemba, boti zikiwa hazipumziki. Kipindi cha pepo za kusi, kuanzia Aprili, bahari ni chafu, wageni ni wachache Lamu hata Malindi, na watu wapo. Pesa pia hazipo, kwa hiyo hasira ziko karibu, lakini ni afadhali mtu mwenye hasira aliyekaa kuliko mpole anayekimbilia abiria. Ramadhani ikiangukia humo, kaeni baada ya tarawehe, na yaacheni makumi ya mwisho.

Hatua ya tatu: kila mmoja peke yake

Kabla ya kikao cha pamoja, mpatanishi akutane na kila mrithi faraghani. Aliye mbali azungumze kwa simu, mahali ambapo hasikilizwi. Anza na mama, kwa heshima na kwa faida: anajua madeni ambayo hayamo daftarini.

Maswali yawe mafupi. Unataka nini kibaki vilevile? Nini kikibadilika utalala usingizi? Ni jambo gani ndugu zako hawalijui kuhusu mchango wako? Ungekuwa wewe ndiye yeye, ungetaka nini? Swali la mwisho liache mpaka mtu ametoa dukuduku lake lote. Ukiliuliza mapema, litasikika kama mawaidha.

Kuwa macho na wasiokuwemo. Nyuma ya kila mrithi yuko mke, mume au shemeji anayepiga hesabu zake. Hawana fungu katika mirathi hiyo, ila wana sauti chumbani usiku. Muulize mrithi waziwazi: "Ukirudi nyumbani na makubaliano haya, nani atakukatalia, na kwa nini?" Jibu hilo lina thamani kuliko hotuba nzima.

Hatua ya nne: hesabu mezani

Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa ndipo habari inapotafutwa. Kusanyeni daftari la duka, stakabadhi, leseni, hati za boti, mikataba ya mikopo, na taarifa za benki. Msisahau namba ya kupokea malipo ya M-Pesa. Mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mtu mmoja, na pesa za abiria huingia humo pamoja na pesa zake binafsi. Taarifa ya miamala inaweza kuombwa, na humaliza nusu ya tuhuma kwa siku moja, ama kwa kuzithibitisha ama kwa kuzifuta.

Bei za vitu ziwekwe na mtu wa nje anayeijua kazi. Boti ya mbao mwiteni fundi wa Matondoni, kijiji cha waunda boti; mashine mwiteni fundi asiyewahi kuitengeneza. Mrithi asipange bei ya kitu anachotaka kukinunua.

Katika familia yetu ya mfano hesabu imetoka hivi. Bidhaa dukani ni shilingi 1,900,000. Boti mbili ni 2,400,000. Mashine mpya ni 600,000. Wavuvi wanadaiwa 300,000 zinazoweza kulipika. Benki kuna 500,000. Jumla ni 5,700,000. Msambazaji wa Mombasa anadai 300,000, zinabaki 5,400,000. Mashine mpya mwana mkubwa aliinunua kwa pesa zake baada ya baba kufariki, risiti ipo na ndugu wote wamekubali. Hiyo si urithi, itoeni. Zinabaki 4,800,000.

Kwa Waislamu, kabla ya kugawa hutangulia gharama za maziko, madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi theluthi moja, na mrithi hausiwi ila warithi wengine wakiridhia. Tuchukue kwamba hayo yamekwisha. Mama, kwa kuwa kuna watoto, ana thumni, yaani sehemu moja ya nane: 600,000. Zinabaki 4,200,000 kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Mafungu ni sita, kila moja 700,000. Kila mwana ana 1,400,000, kila binti 700,000. Kama mzazi wa marehemu angalikuwa hai, hesabu ingebadilika, kwa hiyo orodha ya warithi ithibitishwe kwanza na mjuzi wa mirathi. Familia zisizo za Kiislamu, na Malindi ziko nyingi, hufuata Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ambako watoto wa kike na wa kiume huwa sawa na mjane ana haki zake mahususi.

Sasa karatasi ya ujira, na isichanganywe na iliyotangulia. Warithi wamekubaliana kwamba msimamizi wa biashara kama ile angelipwa 25,000 kwa mwezi. Miezi 36 ni 900,000. Taarifa zinaonyesha mwana mkubwa alijichukulia 540,000, nyingi zikiwa karo na bati za nyumba. Anadai 360,000 zilizobaki. Yule aliyeitwa mla mali ya baba ameonekana ni mdai. Ingeweza kutoka kinyume, na ndiyo maana hesabu haitangazwi barazani kabla haijakamilika. Binti mdogo naye aliandika daftari muda wote huo. Karatasi yake ya ujira iko wapi? Ifungueni.

Dada amesamehe

Nasimama hapa kidogo, maana hapa ndipo ninapoona dhuluma nyingi zikipita kwa sauti ya upole. Utaambiwa, "Dada zetu hawana neno, wamesamehe." Wamesamehe nini? Lini? Walitajiwa kiasi?

Mrithi mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kuacha fungu lake, au kulibadilisha kwa kitu kingine kwa maafikiano. Wanazuoni wanauita mlango huo takharuj. Lakini kuridhia bila kujua si kuridhia. Kwa hiyo binti aonyeshwe kiasi kwa maandishi, faraghani, na mpatanishi wa kike, bila kaka wala mume kuwapo. Apewe siku kadhaa. Akisema anasamehe baada ya hapo, iandikwe, na ashukuriwe mbele ya wote kama mtu aliyetoa 700,000 zake. Akisema hasamehi, hajakosa adabu kwa yeyote. Fungu la mtoto mdogo halisamehewi na mtu, hata mamake.

Hatua ya tano: kikao cha pamoja

Msikae kwenye baraza la nje. Lamu njia ni nyembamba na kila apitaye husalimia na kusikia. Msikae dukani wala kwa mwana mkubwa. Darasa la madrasa wakati wa mapumziko, au sebule ya jamaa asiyehusika, panatosha. Saa mbili au tatu kwa kikao, si zaidi. Simu zizimwe, isipokuwa ile inayomuunganisha aliye mbali.

Mpatanishi aombe idhini ya mama, dua isomwe, kisha aweke masharti machache: mmoja huzungumza, marehemu hasemewi, na hakuna atakayeitwa kwa jina baya. Hilo la marehemu ni muhimu. Mtu akisema "baba alitaka," mpatanishi aulize kwa upole, "Hilo ulilisikia mwenyewe, au ndivyo unavyoamini?"

Anayezungumza kwanza awe yule asiyezoea kusikilizwa, kwa kawaida binti mdogo. Mwana mkubwa ataona si desturi. Mwambieni mapema faraghani asishtuke kikaoni. Zamu yake itakapofika huenda mazungumzo yakawa hivi:

"Mimi ndiye naamka alfajiri miaka mitatu. Nyinyi mwaja Idi, mwala biriani, mwauliza boti ziko ngapi."

"Kwa hiyo, kaka, unasema kazi yako haijahesabiwa."

"Haijahesabiwa wala haijashukuriwa."

"Ya kuhesabiwa tunayo kwenye karatasi, tutaifikia. Ya kushukuriwa, nani angependa kumjibu?"

Mpatanishi hakumtetea wala hakumkanya. Alichukua sentensi moja yenye hasira akatoa madai mawili, ujira na heshima, na kila dai akalipatia njia yake. Hasira ikipanda, wagawanyeni vyumba viwili, mpatanishi azunguke kati yao, kisha warudi. Anayelia aachwe alie, msimharakishe kwa "basi, yaishe."

Heshima imalizwe siku hiyohiyo, kabla ya fedha kuamuliwa. Aliyemwita nduguye mwizi aombe radhi, na kama alimwita hivyo mbele ya manahodha, aombe radhi mbele ya manahodha.

Hatua ya sita: njia zilizopo

Nne ndizo nilizoona zikidumu. Mmoja awanunue wengine kwa awamu. Au wagawane vitu, mmoja duka na mwingine boti, wakifidiana tofauti. Au mmoja aikodi biashara kwa kiasi maalumu cha mwezi, na mali ibaki ya wote. Au wabaki pamoja kwa kuisajili iwe ushirika au kampuni ya binafsi, kila mmoja na hisa zake. Faida ya kampuni ni kwamba mtu anaweza kuuza hisa zake bila boti kukatwa vipande.

Zamu za msimu, huyu kaskazi yule kusi, sizipendi. Wa kaskazi huvuna, wa kusi hutengeneza boti.

Familia yetu imechagua hivi: mwana mkubwa ananunua mafungu ya mama na mdogo wake wa Mombasa, jumla 2,000,000. Katika zile 360,000 anazodai, kwenye malipo hayo inakatwa sehemu inayowaangukia hao wawili tu, kwa kuwa deni ni la biashara nzima na si lao peke yao. Mabinti wanabaki na hisa, na mdogo anapata mshahara wa kuandika hesabu. Awamu zinalipwa Desemba hadi Machi peke yake. Mkataba unaodai malipo ya Mei kutoka kwa mtu wa boti umeandikwa na mtu asiyeijua bahari.

Hatua ya saba: maandishi

Kurasa mbili au tatu, Kiswahili kisichokwepa. Zitaje: orodha ya mali na bei zake, fungu la kila mmoja, nani ananunua nini na tarehe za kulipa, mshahara wa kila anayefanya kazi, kiwango ambacho msimamizi hapaswi kukivuka bila kuwauliza wenzake, namba moja ya kupokea malipo isiyochanganywa na pesa za mtu, siku ya kugawa faida, na kitakachofanyika awamu ikikosekana. Muongeze pia kwamba ugomvi mpya utarudi kwa mpatanishi kabla ya mtu kwenda kwa wakili. Wasaini wote, mashahidi wawe wawili au zaidi, na wakili aipitie kabla haijafungwa. Sasa someni Fatiha.

Hatua ya nane: kocha

Mpatanishi akishaondoka, watu walewale wanabaki na tabia zilezile. Mwana mkubwa bado ataitia pesa ya abiria mfukoni bila kufikiri. Binti mdogo bado ataogopa kuuliza. Kocha ni wa hapa, na ni vyema asiwe yule aliyepatanisha, kwa sababu yeye atasukuma na kudai, mambo ambayo mpatanishi alijizuia nayo.

Mwekeni kwa miezi sita mpaka mwaka, ili aione kusi na kaskazi. Kila mwezi kuwe na kikao cha saa moja: mauzo, madeni, matengenezo, na jambo moja la kuamua. Nje ya kikao hicho anakaa na mtu mmojammoja. Kwa mwana mkubwa, anamfundisha kuleta taarifa kabla haijaombwa; mwezi wa kwanza atahisi anadharauliwa, wa tatu atagundua kwamba tuhuma zimekwisha. Kwa binti mdogo, anamzoeza kusema "kaka, hii haina risiti" bila kutetemeka na bila kukebehi. Kwa mama, anamsaidia kuacha kuwa posta, kwani kila mtoto humtuma yeye akamwambie mwenzake.

Kama baba yu hai na ndiye asiyeachia, kocha huanza kwake. Apewe kazi ya heshima yenye mipaka, mathalani kuchagua mbao na kukagua boti, na tarehe ya kukabidhi saini ya benki iandikwe yeye mwenyewe akiipanga.

Pale upatanishi usipofaa

Kukiwa na kipigo au vitisho, hati zilizoghushiwa, au mtu anayeuza mali huku mazungumzo yakiendelea, msikae vikao. Mali izuiliwe kwanza kwa amri ya mahakama. Hata huko mlango wa mapatano haujafungwa: Katiba ya 2010, kifungu cha 159(2)(c), inazitaka mahakama zihimize njia mbadala za kutatua migogoro, na upatanishi ulioambatanishwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016, umewekewa muda wa siku 60. Makubaliano yake yakisajiliwa huwa amri ya mahakama.

Mirathi ya Waislamu inasikilizwa na Mahakama ya Kadhi, chini ya kifungu cha 170, pande zote zikiwa Waislamu na zikikubali mamlaka yake. Lamu ipo na Malindi ipo. Hata familia iliyokwisha kupatana iende huko, hasa kukiwa na mtoto mdogo au ardhi ya kuhamisha. Bebeni cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja warithi, nakala za vitambulisho, hati za mali, na makubaliano yenyewe yakiwa na saini zote tano.